Gramu Ishirini za Chokoleti

Mchana mmoja katika kantini ya Wizara ya Ukweli, sauti ya ukutani inatangaza kwamba wananchi wameandamana kumshukuru Kaka Mkubwa kwa kupandisha mgao wa chokoleti hadi gramu 20 kwa wiki. Winston Smith anasikiliza huku chakula chake kikipoa. Jana tu ilitangazwa kwamba mgao unashushwa hadi gramu hizohizo 20, kutoka 30. Anaangaza macho mezani. Jirani yake Parsons ameshalimeza tangazo bila kutafuna. Mtu wa meza ya pili analimeza kwa bidii ya aliye tayari kumshtaki yeyote atakayethubutu kukumbuka zile 30.

Hajapigwa mtu hapo, wala hakuna aliyefungwa. Msomaji wa 1984 ya George Orwell bado hajafika kwenye vyumba vya mateso, lakini ameshaelewa dola hii imejipenyeza hadi wapi. Imeimiliki hata siku ya jana.

Utawala unaotaka kila kitu ni mgumu kuuandika. Mwandishi akimsimamisha dikteta jukwaani na vifaru vikipita mbele yake, ameandika habari ya ukurasa wa kwanza ambayo msomaji ameizoea. Mafundi wa riwaya za distopia, yaani zile zinazobuni jamii ambayo serikali imefika mpaka chumba cha kulala, wameingilia mlango mdogo: pazia, wembe, kidonge, kipande cha siagi. Zikisomwa pamoja, kila mwandishi anajulikana kwa mlango aliouchagua.

Wa kwanza kuufungua vizuri alikuwa mhandisi wa meli. Yevgeny Zamyatin wa Urusi alikaa Uingereza, upande wa Newcastle, mwaka 1916 na 1917, akisimamia ujenzi wa meli za kuvunja barafu. Miaka michache baadaye, mapinduzi ya Urusi yakiwa bado mabichi, aliandika riwaya aliyoiita Sisi. Wakaguzi wa serikali mpya waliizuia. Ilitoka kwanza kwa Kiingereza jijini New York mwaka 1924, na Warusi hawakuisoma ikiwa imechapishwa nchini mwao hadi mwaka 1988, zaidi ya nusu karne baada ya mwandishi kufia Paris. Mwaka 1931 alimwandikia Stalin barua ya kuomba ruhusa ya kuondoka, na ruhusa hiyo, kwa msaada wa Maxim Gorky, akaipata.

Mji wa Zamyatin umejengwa kwa kioo. Kuta, sakafu, hata vitanda vinapitisha nuru, kwa hiyo mhandisi D-503 akiamka anawaona majirani wa kulia, wa kushoto, wa juu na wa chini wakiamka sekunde hiyohiyo. Watu hawana majina, wana namba. Pazia hushushwa kwa saa moja tu, kwa tiketi ya waridi inayomruhusu mtu kumpokea mpenzi aliyeandikishwa kwake. Ratiba ya Dola inapanga kila tendo, hadi idadi ya mara za kutafuna tonge, isipokuwa saa mbili kwa siku ambazo kila mtu amepewa awe peke yake.

Saa hizo mbili ndizo zinazomsumbua D-503. Anaziona kama kosa la hesabu, na anaamini kwamba ipo siku sekunde zote 86,400 za siku zitaingizwa kwenye ratiba. Hapa Zamyatin anaonyesha ustadi ambao wengi waliomfuata hawakuufikia: msimulizi wake anaipenda serikali. Anaandika shajara ya kuitukuza, naye hajui kwamba kila sentensi anayoiandika kwa furaha inamtia msomaji baridi. Mpinzani angelalamika tu, na malalamiko yana mipaka yake. Muumini anafungua kila droo kwa kiburi na kumwonyesha mgeni kilichomo.

Orwell aliisoma riwaya hiyo kwa Kifaransa na kuiandikia tahakiki katika jarida la Tribune mnamo Januari 1946. Alichukua mengi kwake, lakini usafi ule wa kioo aliuacha. London yake inanuka kabichi iliyochemshwa. Lifti imekufa, kiwembe kimoja kinatumika wiki nyingi, jini ya Ushindi inakwaruza koo. Vitu hivi hakuvitoa mbali. Kati ya mwaka 1941 na 1943 alifanya kazi BBC akitayarisha matangazo ya kwenda India chini ya macho ya wakaguzi wa wakati wa vita, na mkewe Eileen naye alifanya kazi katika idara ya ukaguzi wa habari. Mgao wa chakula ulikuwa bado unaendelea Uingereza alipokuwa akiandika kisiwani Jura, kifua kikuu kikimla. Kitabu kilitoka Juni 1949, na Januari iliyofuata akafariki akiwa na miaka 46.

Linganisha kioo cha Zamyatin na runinga ya Orwell. Katika kioo kila mtu anamwona kila mtu. Runinga ya Orwell inaona upande mmoja, na anayetazamwa hajui kama saa hii kuna mtu upande wa pili. Shaka hiyo ndiyo injini ya kitabu kizima. Winston amebahatika kupata kijipembe ambacho runinga haikifikii, anakaa hapo na daftari, na kuanzia dakika hiyo msomaji anaanza kupima kuta pamoja naye. Halafu kuna Parsons, mtiifu kupita wote, anayekamatwa baada ya binti yake wa miaka saba kumsikia akimtukana Kaka Mkubwa usingizini. Yuko mahabusu na bado anajivunia malezi aliyompa mtoto. Ukurasa huo mmoja una uzito kuliko hotuba zote za O'Brien, mtesaji wa Winston.

Wasomaji wengi wa Kiswahili walimjua Orwell kwa mlango mwingine, Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya mwaka 1967. Kile ni kisa cha jinsi utawala unavyoharibika. 1984 inaanza pale uharibifu ulipokwisha kuwa desturi.

Aldous Huxley, ambaye aliwahi kumfundisha Orwell Kifaransa shuleni Eton, aliona mambo kinyume. Katika Brave New World ya mwaka 1932 nako kuna gramu, ila serikali haizipunguzi, inazigawa. Ni gramu za soma, kidonge kinachofuta huzuni bila maumivu ya kichwa asubuhi. Fujo zikizuka hospitalini, polisi wanakuja na mvuke wa soma badala ya risasi, na baada ya dakika chache wafanya fujo wanakumbatiana huku wakilia. Watu wanatengenezwa kwenye chupa, wakipangwa kwa tabaka kuanzia Alfa hadi Epsiloni, na vichanga wanapigwa shoti ya umeme kila wanapogusa vitabu na maua, ili wakikua wavichukie.

Msomaji wa pwani huzinduka katika sura ya kwanza kabisa. Mtaalamu mmoja wa kiwanda cha watoto cha London, akijisifu kwa zaidi ya watu 16,000 waliotokana na ovari moja, anakiri kwa wivu kwamba Mombasa imefikia 17,000, na anaeleza ushindi huo kwa asili ya miili ya Waafrika. Labda Huxley anamdhihaki mhusika wake. Labda ni mwaka 1932 wenyewe unaozungumza kupitia kalamu yake, Kenya ikiwa koloni. Vyovyote vile, Mombasa ya kesho yake inakumbukwa kwa takwimu za uzazi tu, na hakuna mtu wa Mombasa anayepewa neno hata moja.

Kasoro nyingine ya Huxley ni ya kiufundi. Kuelekea mwisho, mtawala Mustapha Mond anakaa na kueleza mfumo mzima kwa sura mbili, na riwaya inageuka mhadhara. Orwell naye alijikwaa palepale, kwa kile kitabu kirefu cha Goldstein, adui mkuu wa dola, alichokichomeka katikati ya hadithi. Oktoba 1949 Huxley alimwandikia mwanafunzi wake wa zamani kumsifu, kisha akamwambia kwamba watawala wajao wataona ni rahisi zaidi kuwafanya watu waupende utumwa wao kuliko kuwakanyaga.

Margaret Atwood alianza kuandika The Handmaid's Tale Berlin Magharibi mwaka 1984, ukuta ukiwa karibu naye. Alijiwekea sharti: asitie humo jambo lolote ambalo binadamu hawajawahi kulitenda mahali fulani. Ndiyo maana mapinduzi yake yanaingia kupitia kadi ya benki. Siku moja mwanamke anajaribu kununua sigara, kadi inakataa, na kabla ya jioni amefukuzwa kazi pamoja na wanawake wenzake wote. Baadaye, wakiwa wamekatazwa kusoma, hata mabango ya maduka yanabaki na picha tu. Mwanamke huyohuyo, sasa akiitwa Offred, anaficha siagi kwenye kiatu ajipake usoni usiku, kwa kuwa wajakazi wa uzazi hawapewi mafuta ya ngozi. Ngozi yake haina thamani kwa dola, tumbo lake ndilo lenye thamani. Atwood hakulieleza hilo kwa hotuba. Aliacha siagi inuke kidogo.

Hao wote wanne wanaandika kana kwamba dola inaweza kufaulu. Ngũgĩ wa Thiong'o wa Kenya hakuamini, na yeye aliwahi kufungwa kweli, bila mashtaka, katika gereza la Kamiti tangu mwisho wa 1977 hadi Desemba 1978. Katika Murogi wa Kagogo, aliyoitoa kwa Kigikuyu kuanzia mwaka 2004 na kuitafsiri mwenyewe kwa Kiingereza mwaka 2006, serikali ya Aburiria, nchi ya kubuni, inataka kuona na kusikia kila kitu, kwa hiyo waziri Machokali anakwenda London kupanuliwa macho na Sikiokuu anakwenda Paris kuongezwa masikio. Mtawala mwenyewe anavimba kama puto. Foleni ya watafuta kazi inarefuka hadi kuzunguka mji, watu wakijiunga bila kujua wanapanga nini, na serikali inaishangilia foleni hiyo kabla ya kuanza kuiogopa. Udhibiti hapa una kelele na aibu, na uvumi unaupita mbio. Konstebo mlevi wa hadithi anajua habari kabla ya baraza la mawaziri. Riwaya hii ni ndefu mno na inarudiarudia, lakini kwa msomaji aliyekulia chini ya picha ya rais katika kila duka, inafahamika haraka kuliko mji wa kioo.

Ngũgĩ alikuwa na ushahidi wa kelele na aibu hiyo. Riwaya yake Matigari, iliyotoka kwa Kigikuyu mwaka 1986, inamhusu mpigania uhuru anayetoka msituni na kuzunguka nchi akiuliza ukweli na haki vinapatikana wapi. Kama alivyosimulia mwenyewe, mwanzoni mwa 1987 taarifa ziliifikia serikali kwamba mtu aitwaye Matigari anapita vijijini akiuliza maswali hayo, na amri ikatolewa akamatwe. Ilipobainika kwamba ni mhusika wa kitabu, mwezi Februari polisi walikwenda kwenye maduka ya vitabu na kwenye ghala la mchapishaji, wakazikamata nakala walizozikuta.