Nani Anasimulia? Nyimbo za Metali kwa Usiku wa Halloween

Kila Oktoba ikikaribia mwisho, orodha za nyimbo za Halloween huanza kuzunguka, na kwa upande wa hevi metali na roki ngumu orodha hizo zinafanana kama mapacha. Mtu anatafuta wimbo wenye mzimu, kaburi au jehanamu kwenye jina, anaongeza mwingine wenye radi mwanzoni, kazi imekwisha. Mimi huzisikiliza zote, na nyimbo nyingine nazipenda kweli. Tatizo ni kwamba nikimaliza huwa sijaogopa hata kidogo. Nimechangamka tu. Halloween bila woga ni kama pilau bila bizari: utashiba, lakini pilau hukula.

Sisi wapenzi wa fasihi tuna swali ambalo tunaliuliza kila tunapofungua riwaya: nani anasimulia, na amesimama wapi? Nadai kwamba swali hilohilo ndilo linalotenganisha wimbo wa kutisha na wimbo uliovaa barakoa. Mapepo na mifupa ni mapambo. Kinachomfanya msikilizaji asisimke mwili ni hali ya yule anayetuambia habari.

Tuanze na barakoa, maana nazo zina kazi yake. "Dragula" ya Rob Zombie, ya mwaka 1998, haikosekani kwenye orodha yoyote. Jina lake limetoka kwenye gari la The Munsters, kipindi cha vichekesho cha televisheni ya Marekani cha miaka ya 1960. Msimulizi ndiye dereva. Ana mwendo, ana nguvu, anajifurahisha. Sasa kama mwenye habari hana wasiwasi, mimi niwe na wasiwasi wa nini? Vivyo hivyo "Welcome to My Nightmare" ya Alice Cooper, ya 1975. Huyu ni mwenyeji mlangoni, anakukaribisha ndani ya jinamizi lake kwa adabu zote, na ukishakaribishwa vizuri namna ile unajua kabisa kwamba saa ya kwenda nyumbani itafika. Ni nyimbo nzuri za kufungulia sherehe. Ziwekwe mwanzoni, watu wakiwa bado wanacheka.

Sasa rudi nyuma hadi Ijumaa, tarehe 13 Februari 1970. Siku hiyo vijana wanne wa Birmingham, Uingereza, walitoa albamu yao ya kwanza. Wimbo wa kwanza una jina la bendi, Black Sabbath, na bendi ina jina la filamu ya kutisha ya Mario Bava ya mwaka 1963. Mvua inanyesha. Kengele inalia kwa mbali. Kisha gitaa la Tony Iommi linaingia kwa noti tatu tu, polepole, na ile ya tatu inaangukia mahali ambapo sikio halikutaka iende. Iommi alikatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani akiwa na miaka 17, akajitengenezea vifuniko vya plastiki ili aendelee kupiga. Siwezi kuzisikia noti zile bila kuufikiria mkono ule.

Hata hivyo, kinachonitisha hasa ni sauti ya Ozzy Osbourne. Umbo jeusi limesimama mbele yake, na jambo la kwanza analofanya ni kuuliza hiki ni kitu gani. Hajui! Wimbo ulitokana na kisa cha Geezer Butler, mpiga besi, aliyesema aliamka usiku akaona kivuli cheusi kimesimama miguuni pa kitanda chake. Katika wimbo, msimulizi anageuka akimbie, ndipo anapogundua kwamba yeye ndiye aliyekusudiwa. Anamwomba Mungu amsaidie. Hana upanga, hana mbinu, hajui hadithi hii inaishaje. Anajua kidogo kuliko sisi tunaomsikiliza, na hapo ndipo damu inapoganda.

Na huu ndio wimbo ambao kwa zaidi ya nusu karne umeitwa wimbo wa kumsifu shetani. Maneno hayo nimeyasikia hata kwetu, tena kutoka kwa watu ninaowaheshimu: muziki huo wa mashetani, zima. Siwabezi. Lakini ukikaa ukausikiliza mpaka mwisho, unachosikia ni kilio cha mtu anayemkimbia shetani. Wanaoulaumu wanafanya kosa ambalo mwanafunzi wa kidato cha tatu hukatwa maksi kwa ajili yake: wanamchukua mhusika wanamfanya mwandishi.

Kosa hilo limewahi kuwa na gharama. Iron Maiden walipotoa "The Number of the Beast" mwaka 1982, vikundi vya kidini huko Marekani vilichoma santuri zao hadharani. Wimbo wenyewe ni ushahidi wa mtu aliyeogopa. Steve Harris, mpiga besi, aliutunga baada ya ndoto mbaya iliyotokana na filamu ya Damien: Omen II. Unafunguliwa na sauti ya mwigizaji Barry Clayton akisoma maneno ya Kitabu cha Ufunuo, kisha msimulizi anaingia: ameona moto, ameona ibada ya usiku, anajiuliza kama anaota, anafikiria hata kwenda kutoa taarifa kwa wenye mamlaka, kama raia yeyote mwema. Hadi hapo tuko naye. Halafu, mwishoni, yule anayesema "mimi" si yeye tena. Ni mnyama mwenyewe anayeahidi kurudi. Hakuna aliyetutangazia kwamba kipaza sauti kimebadilisha mikono. Kwa maoni yangu ni moja ya mbinu safi kabisa za usimulizi katika muziki wa metali, na waliowasha ule moto hawakuisikia kwa sababu walisoma jalada tu.

Mtu ataniuliza: na wale wanaomaanisha? Ni swali la haki. King Diamond, mwimbaji kutoka Denmark, hakuficha kwamba alivutiwa na falsafa ya Anton LaVey, na wimbo "Into the Coven" wa bendi yake ya Mercyful Fate uliwekwa kwenye orodha ya nyimbo 15 zilizolaaniwa na kamati ya wazazi ya PMRC mjini Washington mwaka 1985. Basi msikilize kwenye albamu Abigail ya 1987, aliyoitoa kwa jina lake mwenyewe. Ni hadithi nzima, mwanzo hadi mwisho: majira ya joto ya 1845, mume na mke vijana wanaelekea kwenye jumba la urithi, na katika "Arrival" wapanda farasi saba wanawazuia njiani na kuwaonya warudi walikotoka. Mume hasikii. King Diamond anaigiza sauti zote peke yake, kutoka mngurumo hadi sauti nyembamba kama ya kioo kinachopasuka, kama bibi anavyobadilisha sauti akifika kwa sungura, akifika kwa fisi, akifika kwa zimwi. Na hata yeye, pamoja na imani yake, ametunga hadithi ambayo hakuna msikilizaji angetaka kulala ndani ya jumba lile hata usiku mmoja. Uovu humo ni uovu. Sanaa imekataa kuwa mahubiri, na hilo ni jambo la kuheshimu.

Kwangu mimi, msimulizi wa kutisha kuliko wote ni yule anayetuliza. "Enter Sandman" ya Metallica, ya 1991, imechezwa viwanjani mara nyingi mno hadi tumesahau kwamba ni wimbo bembelezi. Mtu mzima anamlaza mtoto, anamfunika vizuri, anasali naye. Sauti ni ya mzazi, lakini kila anachokisema kinafungua mlango ambao mzazi alipaswa kuufunga. Sisi tuliolazwa kwa kuambiwa "lala, zimwi linakuja" tunaijua sauti hii: inakupenda na inakutisha kwa pumzi moja. Maneno ya awali ya James Hetfield yalihusu vifo vya ghafla vya watoto wachanga vitandani. Aliambiwa ayaandike upya, akayaandika, ila woga ule umebaki chini ya wimbo kama maji chini ya mkeka.

Kuna wimbo mmoja ambao kwa muda mrefu niliuweka kwenye fungu la barakoa: "Hells Bells" ya AC/DC. Ukisoma maneno peke yake, msimulizi ni mtu wa majigambo, yeye radi, yeye mvua, yeye kila kitu. Lakini sikiliza kengele. Bon Scott, mwimbaji wao, alifariki London tarehe 19 Februari 1980. Mwezi Julai mwaka huohuo wenzake wakatoa Back in Black wakiwa na mwimbaji mpya, Brian Johnson, jalada likiwa jeusi kwa ajili ya maombolezo, na kabla hajasikika mtu yeyote inagongwa kengele ile nzito, taratibu, kama ya mazishi. Wimbo una wasimulizi wawili: mdomo unajigamba, kengele inalia msiba. Nimekuja kuamini kwamba majigambo yale ni namna ya wanaume wale kutolia mbele za watu.

Na hapo tunafika kwenye Halloween yenyewe. Kabla ya maboga na peremende, tarehe 31 Oktoba ni mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote, na tarehe 2 Novemba Wakatoliki huwakumbuka marehemu wote. Ni majira ya wafu. Orodha nzuri, basi, ianze na barakoa na iishie kwa wafu. Mpangilio wangu ni huu: "Dragula", "Welcome to My Nightmare", "Hells Bells", "The Number of the Beast", "Arrival", "Enter Sandman", "Black Sabbath". Taa za sebuleni zizimwe kuanzia "Arrival".

Wa mwisho uwe "(Don't Fear) The Reaper" ya Blue Öyster Cult, ya 1976. John Carpenter aliutumia katika filamu yake Halloween ya 1978: wasichana wawili ndani ya gari, wimbo unasikika redioni, muuaji anawafuata nyuma kwa gari jingine, nao hawana habari. Ni wimbo mpole kuliko yote niliyotaja. Msimulizi wake anamwambia mpenzi wake asimwogope Ziraili. Wapo waliousikia kama wito wa kujiua. Buck Dharma, aliyeutunga, alieleza kwamba aliwaza juu ya kufa mapema na juu ya upendo unaobaki. Mimi namsikia mtu anayejaribu kumtuliza mwenzake huku mwenyewe hajatulia.

Mwaka 2025, tarehe 5 Julai, Ozzy aliimba mara ya mwisho akiwa ameketi kwenye kiti cha enzi katika uwanja wa Villa Park, mtaani Aston alikokulia. Tarehe 22 mwezi huohuo akafariki, akiwa na miaka 76. Tangu siku hiyo nausikiliza "Black Sabbath" tofauti. Yule kijana anayeuliza ni nani amesimama mbele yake ameshapata jibu, na sauti yake bado inauliza. Ndiyo maana baada yake nauweka wimbo wa kutuliza. Watu wasilale na swali lile peke yao.