Walimnyang'anya Odysseus Hadithi Yake

Swali lilitoka safu ya nyuma, dakika kumi hivi kabla ya semina kwisha. Kundi la tatu lilikuwa limefika kwa ng'ombe wa Helios: mabaharia wamekula nyama waliyokatazwa, Helios ameshtaki kwa Zeus, Zeus ameahidi kuipiga merikebu kwa radi. Binti mmoja akanyoosha mkono akauliza ni nani aliyeyasikia maneno hayo ya miungu. Msimulizi wa kundi akajibu bila kusita kwamba anayesimulia ni Homer, na Homer ni msimulizi maizi, anajua yote. Wanasemina wakaandika. Mliokuwepo mtakumbuka kwamba hata mwenyekiti aliitikia kwa kichwa.

Jibu lile ni kosa, na kosa lenyewe halikuanzia pale. Lilianza siku kundi lilipokaa kupanga somo, likaamua kuinyoosha Odisei. Walitueleza wenyewe walipofungua: kisengerenyuma cha Homer ni kirefu, wenzao wa mwaka wa kwanza wangepotea, kwa hiyo wakaanza na kuanguka kwa Troya, wakaja Wakikone, wala-loto, Polyphemus, Circe, wafu, Ving'ora, moja baada ya jingine mpaka Ithaka. Na kwa kuwa hadithi imeshanyooshwa, Odysseus hakuwa na sababu tena ya kuisimulia. Ikasimuliwa na msichana aliyesimama kando ya ubao, katika nafsi ya tatu. Alimlewesha. Alimchoma jicho. Alitoroka.

Katika Kigiriki cha Homer ni nilimlewesha, nilimchoma, nilitoroka. Kundi la tatu limebadilisha kiambishi kimoja, ni- kikawa a-, na kwa kiambishi hicho limetufundisha utenzi mwingine.

Tazameni mahali pale penyewe. Odisei ina vitabu 24, na maajabu yote ambayo watu huyakumbuka yamo katika vinne tu, cha 9 hadi cha 12. Vyote vinne ni maneno ya Odysseus mwenyewe, usiku, baada ya chakula, katika nyumba ya Mfalme Alkinoos wa Wafayakia. Wagiriki wa kale waliviita kwa jina la huyo mwenyeji, hadithi za kwa Alkinoos, na Plato anaitumia kauli hiyo katika Jamhuri kama jambo linalojulikana na kila mtu. Anayezungumza ni mtu aliyetupwa pwani uchi, hana merikebu, hana mwenzake hata mmoja, na ameficha jina lake tangu afike. Anachohitaji ni chombo cha kumrudisha kwao. Mali aliyobaki nayo ni kinywa chake.

Mashahidi? Alitoka Troya na merikebu kumi na mbili. Kumi na moja ziliangamizwa na Walaistrygones, ya mwisho ikapigwa radi. Hakuna aliyebaki wa kusema ndiyo, nami niliona. Kisha, kuanzia kitabu cha 13, mtu huyuhuyu anamdanganya Athena kwamba yeye ni Mkrete, anamdanganya Eumaios mchunga nguruwe, anamdanganya mkewe, na utenzi wenyewe unatuambia kwamba uongo wake ulifanana na kweli. Msomaji makini akifika hapo hurudi nyuma kwenye zile hadithi za mezani akazisoma upya. Sisi tunaofungua ngano kwa hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea, tusingehitaji hata slaidi moja kulieleza jambo hili kwa vijana wetu.

Chukueni pango la Polyphemus, kwa sababu ndipo kundi lilipotumia muda mwingi zaidi. Wenzake wanamsihi wachukue jibini, waswage wana-kondoo, waondoke kabla mwenyewe hajarudi. Odysseus anakataa, anataka kuliona jitu na kupata zawadi ya mgeni. Jitu linakula watu sita, wawiliwawili. Msichana wa ubaoni alisema kwamba alikosea kutowasikiliza wenzake, akapita. Katika nafsi ya tatu hilo ni lawama ya msimulizi, na lawama ya msimulizi ni nyepesi. Katika nafsi ya kwanza ni nahodha anayekiri mbele ya wageni, chakula kikiwa bado mezani, kwamba ingekuwa heri angewasikia. Miaka imepita, na bado sentensi hiyo inamtoka. Ondoa ni- na maungamo yote yamekufa.

Kisha lile jina. Ndani ya pango anajiita Hakuna, na jina hilo la uongo linamwokoa. Akiwa baharini anapaza sauti kutaja jina lake la kweli, la baba yake na la kisiwa chake, na papo hapo Polyphemus analipeleka kwa Poseidon kama laana. Haya anayasema nani, na kwa nani? Anayasema mtu ambaye muda mfupi uliopita amewatajia Wafayakia jina lake kwa mara ya kwanza. Na Alkinoos, tumeelezwa katika kitabu cha 7, ni mjukuu wa Poseidon. Mgeni ameketi kwenye nyumba ya ukoo wa Poseidon anasimulia jinsi alivyomtoboa jicho mwana wa Poseidon, akiomba apewe merikebu ya kupita katika bahari ya Poseidon. Merikebu hiyo, ikirudi, itageuzwa jiwe. Sijui mahali pengine katika fasihi ya kale ambapo kusimulia kwenyewe kuna hatari kama hii, na wanasemina sitini walitoka bila kujua kwamba kuna mtu alikuwa anasikiliza.

Tafsiri ya jina ilikuwa nzuri sana: "Hakuna anayeniua!" inafanya kazi kwa Kiswahili sawasawa na kwa Kigiriki. Muda waliutunza.

Ramani, lakini! Nimeandika juu ya ramani hii mara nyingi na nitaandika tena. Mstari mwekundu ukakatiza Mediterania, nukta kwa Circe, nukta kwa Skylla, projekta ikaachwa ikiwaka dakika nane. Eratosthenes, mtu aliyepima mzingo wa dunia, alishasema kwamba utajua Odysseus alipotangatanga siku utakapompata fundi aliyeushona mfuko wa pepo. Kundi lililomwachia Odysseus hadithi yake lisingechora mstari ule, kwani lingejua kwamba linachora maneno ya mtu mezani. Ramani ni mtoto wa kosa lilelile. Na fomu ya alama ya semina zetu inamlea: ina nafasi ya uwazi, ina nafasi ya vielelezo, haina nafasi ya sauti. Nimeomba ibadilishwe kila mwaka.

Wanaosema haiwezekani kufundisha kwa namna nyingine hawakuwepo mwaka 2012. Kundi la mwaka ule lilitandika mkeka, likazima taa za mbele, likatuambia sisi tulioketi kwamba ndio Wafayakia. Kijana mmoja akaketi, akaanza na machozi ya kitabu cha 8, pale Demodokos anapoimba farasi wa mbao na Odysseus analia kama mwanamke aliyeuangukia mwili wa mumewe vitani. Kundi la tatu limekiruka kitabu hicho chote. Yule kijana alipofika katikati ya wafu, kitabu cha 11, akanyamaza, akasema usiku umekwenda, akalale. Ndivyo ilivyo kwa Homer: Odysseus anakata hadithi, ukumbi unabaki kimya, Malkia Arete anawahimiza wazee waongeze zawadi, Alkinoos anamwambia hafanani na mwongo na kwamba anasimulia kama malenga. Tulimpigia kelele aendelee. Hapo tulijifunza bila kuelezwa kwamba hadithi ile inalipwa, na kwamba msimulizi anajua bei yake. Milman Parry alipomrekodi Avdo Međedović mwaka 1935 huko Yugoslavia, mchinja nyama asiyejua kusoma, akatoa utenzi wa mistari zaidi ya 12,000, alikuwa na wasikilizaji wenye subira. Malenga anatanuka kwa kadiri ya wanaomsikiliza. Wakiondolewa, kinachobaki ni muhtasari.

Na muhtasari Homer anao. Katika kitabu cha 23, kitandani, Odysseus anamweleza Penelope safari yote kwa mpangilio ulionyooka, Wakikone kwanza, na Homer anaitoa kwa nafsi ya tatu, mistari kama thelathini. Kundi la tatu lingeweza kuutumia ule kama dira ya wasiojua njia, kwa dakika mbili, kisha likamrudisha Odysseus mezani. Hofu yao ya wenzao kupotea ingekuwa imetibiwa na utenzi wenyewe.

Narudi kwa swali. Katika kitabu cha 12, mara baada ya kunukuu mazungumzo ya Helios na Zeus, Odysseus anawaambia Wafayakia alikoyapata: aliyasikia kwa Kalypso, naye Kalypso alisema ameyasikia kwa Hermes. Mistari miwili. Homer aliona kwamba msimulizi wake ni mwanadamu, kwamba mwanadamu hasikii baraza la miungu, na kwamba msikilizaji makini atauliza. Akaliweka jibu. Kundi lililoiondoa nafsi ya kwanza liliifuta mistari hiyo kwa kuwa haikuwa na kazi tena, na swali lilipokuja, karne ishirini na saba baadaye, kutoka safu ya nyuma, wakawa hawana cha kumpa.

Nilimfuata binti yule mlangoni nikamfungulia kitabu. Aliisoma ile mistari akiwa amesimama, watu wanampita pande zote, akairudia. Kisha akaniuliza: "Na huyo Kalypso, mwalimu, tunajuaje kwamba alimwambia?"