Bibi Salme alivyoungama kosa moja akalifunika jingine

Mtunzi wa riwaya ya kihistoria anayemtaka msimulizi wa kike, wa ukoo wa kifalme, mwenye sifa mbaya kwao na asiyeaminika, ampitie kwanza Sayyida Salme binti Said. Alizaliwa Mtoni, Unguja, mwaka 1844. Kumbukumbu zake alizichapisha kwa Kijerumani mwaka 1886, wakati huo akiitwa Emily Ruete. Kitabu chake si riwaya, lakini mtunzi yeyote atajifunza humo namna ya kumteka msomaji.

Tazama anavyoisimulia njama ya 1859. Ni binti wa miaka 15, yuko upande wa kaka yake Barghash dhidi ya kaka yao mwingine, Sultani Majid. Kuandika alijifunza kwa siri, akinakili herufi za Kurani kwenye mfupa wa bega la ngamia, na kwa sababu hiyo wenzake wakamfanya katibu wao. Hafichi kwamba barua za waasi zilitoka mkononi mwake. Anasimulia hatua kwa hatua usiku ule wanawake walipomtoa Barghash kwenye nyumba iliyozingirwa, kavishwa nguo za kike, wakapita naye mbele ya askari. Kisha anajuta, na majuto yenyewe yanagusa. Msomaji anajiambia: huyu mama msema kweli.

Akishaaminiwa hivyo, anaingia kwenye safari ya 1866. Mapenzi yake na Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg aliyekuwa jirani yake, yanapita upesi. Agosti anaondoka kwa manowari ya Kiingereza, Highflyer. Anakaa Aden, anabatizwa, anaolewa Mei 1867. Mimba haitajwi, wala mtoto wa kiume aliyezaliwa Aden Desemba 1866. Hakuhitaji kutunga uongo. Aliiruka tu miezi. Kwangu huo ndio ufundi mkubwa kuliko wote kitabuni, maana ungamo la kwanza ndilo linalomfanya msomaji asihesabu miezi.

Kuna na ukimya mwingine, nao unakihusu kijiji chetu, Kiongoroni, na delta nzima ya Rufiji. Salme anawataja tausi, swala na mbuni wa uani Mtoni. Utumwa anautetea sura nzima mbele ya Wazungu. Lakini dari za nyumba za mawe za Unguja zililala juu ya boriti za mikoko, na nyingi zilitoka huku kwetu kwa majahazi. Hata upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti. Mkataji aliyezama topeni hadi magotini, akisubiri maji yajae ili aelee na mzigo wake, hayumo.

Mtunzi asimsahihishe Salme, wala asimtie mdomoni toba asiyokuwa nayo. Amwache aisifu nyumba ya baba yake kwa sauti ileile tamu. Ukurasa unaofuata aweke hesabu ya nahodha: korija ngapi za boriti zimepakiwa Kiongoroni, na nani kalipwa.