‘Usahihi’ huu si sahihi, unampunja mkulima

Majuzi nilikuwa Machakos nikaletewa kijitabu cha Kiswahili nikipitie kabla hakijachapishwa. Kimeandikwa na vijana wanaosomea kompyuta, na kinawalenga makarani wa vyama vya ushirika vya kahawa. Kinafundisha kuunda majedwali ya hifadhidata kwa lugha ya SQL katika programu ya Microsoft Access.

Nilikipenda. Sentensi zake ni fupi, na waandishi hawakuona haya kuandika ‘kilo’, ‘mizani’ na ‘risiti’ kama watu wasemavyo. Ila mahali pamoja palinikwaza.

Hapo wanaeleza uga wa kuwekea uzito wa kahawa. Amri yenyewe ni DECIMAL(8,2). Nambari ya kwanza, ambayo Waingereza huiita ‘precision’, wameiita ‘usahihi’. Ya pili, ‘scale’, wameiita ‘kipimo’. Kamusi za kawaida huenda zikawaunga mkono, lakini muktadha unawakana.

Nilimuuliza mmoja wao hiyo 8 ina maana gani.

“Prof, si ni usahihi? Ukiiongeza, hesabu inakuwa sahihi zaidi.”

Sivyo. Nane ni jumla ya tarakimu zote ambazo uga unaweza kubeba. Mbili ni idadi ya tarakimu, miongoni mwa hizo nane, zinazokaa baada ya nukta. Kabla ya nukta zinabaki sita, kwa hivyo nambari kubwa kabisa itakayoingia ni 999999.99. Ukiandika DECIMAL(12,2), uga utapokea nambari kubwa zaidi, lakini baada ya nukta zitabaki tarakimu mbili zile zile.

Sasa basi, karani aliyefunzwa kwamba nambari ya kwanza ndiyo ‘usahihi’ atafanya nini? Ataandika DECIMAL(8) na kuridhika. Kwa kanuni za SQL, nambari ya pili isipotajwa huhesabiwa kuwa sufuri. Uga unaitwa wa desimali, ilhali haubebi desimali hata moja! Mkulima wa Kangundo aliyepima kilo 37.5 ataandikiwa nambari nzima. Ikikatwa kuwa 37, nusu kilo imekwenda. Akipunjwa hivyo mara ishirini katika msimu mmoja, amepoteza kilo kumi, na hakuna aliyemwibia ila neno.

Koma nayo ina utata wake. Ndugu zetu wa mashariki mwa Kongo, waliozoea hesabu za Kifaransa, huandika 37,5. Sisi huandika 37.5, na tunasoma ‘thelathini na saba nukta tano’. Koma iliyo ndani ya (8,2) haihusiani na desimali; inatenganisha maagizo mawili tu. Kijitabu kingepaswa kulisema hilo wazi.

Vilevile kingemwonya karani kwamba Access, katika hali yake ya kawaida, huikataa amri hii ikiandikwa kwenye dirisha la hoja. Sharti kwanza achague mpangilio wa ANSI 92. Asipoambiwa, atadhani kosa ni lake.

Pendekezo langu ni ‘jumla ya tarakimu’ na ‘tarakimu za baada ya nukta’. Kijana mmoja alinipinga: “Prof, hizo ni ndefu mno. Nani atazitumia?” Ana hoja. Istilahi fupi huenea upesi, nami nimeona nyingi nzuri zikifia kwenye makabati ya vyuo kwa sababu hazitamkiki. Lakini hapa neno fupi linamwelekeza karani kwenye kosa, na gharama yake inalipwa na mtu ambaye hajui hata kama jedwali hilo lipo.

Tulikubaliana wawape makarani wachache kurasa hizo katika matoleo mawili, kila mmoja aunde uga wake, kisha aingize 37.5. Istilahi itakayoihifadhi ile nusu ndiyo itakayochapishwa, hata kama si yangu.