MISA: ASILI YA NENO NA NJIA YA NENO

Utangulizi

Kamusi za Kiswahili huonyesha asili ya neno la mkopo kwa alama fupi ya lugha lilikotoka. Desturi hii ina faida zake, lakini pia ina upungufu. Alama hiyo humweleza msomaji neno lilizaliwa wapi, wala haimwelezi lilifika kwa mikono ya nani, na lini. Neno misa ni mfano mzuri wa upungufu huo. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba swali la asili na swali la njia ni maswali mawili mbalimbali, na kwamba mtafiti anayeyachanganya hupotoka katika yote mawili.

Asili

Missa ni neno la Kilatini cha karne za mwisho za Dola ya Kirumi. Shina lake ni kitenzi mittere, yaani kutuma au kuacha mtu aende, na maana yake ya awali ilikuwa ruhusa ya kuondoka. Umbo hili halikuwa la pekee, kwani Kilatini cha wakati huo kilikuwa na collecta kando ya collectio, na remissa kando ya remissio. Egeria, mwanamke aliyehiji Yerusalemu mwishoni mwa karne ya 4, alilitumia mara nyingi katika maelezo ya safari yake kwa maana ya kuagwa kwa waumini. Avitus, askofu wa Vienne mwanzoni mwa karne ya 6, alieleza kwamba maneno missa est yalitamkwa makanisani na vilevile katika majumba ya watawala, watu walipopewa ruhusa ya kutawanyika. Kwa hiyo neno hili halikuwa la dini peke yake. Kauli ya Ite, missa est ilikuwa na maana ya 'Nendeni, ruhusa imetolewa'.

Baadaye jina la mwisho wa ibada likawa jina la ibada nzima. Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kushangaa. Hitima ni neno lililotokana na shina la Kiarabu lenye maana ya kumaliza, ndilo shina la kuhitimu na hitimisho, na hata hivyo pwani yetu huliita kwa jina hilo kusanyiko zima la kumsomea marehemu, tangu mwanzo wake.

Hapa yafaa kupinga fasiri mbili. Ya kwanza ni ya wataalamu wa Ulaya wa karne ya 16 waliodai kwamba missa ni neno la Kiebrania lenye maana ya sadaka. Fasiri hiyo iliongozwa na haja ya kukuta maana ya ibada ndani ya jina lake, na ushahidi wa matumizi ya kale hauiungi mkono. Ya pili husikika hadi leo, kwamba misa maana yake ni 'utume', kwa kuwa mittere ni kutuma. Kama mawaidha, fasiri hii haina ubaya. Kama isimu, haisimami. Walioagwa majumbani mwa watawala hawakupewa utume wowote. Neno huweza kubeba maana ambayo shina lake halikuwa nayo, na maana hiyo mpya haihitaji kutafutiwa mizizi ya uongo ili iwe halali.

Kuenea kwake Ulaya

Katika lugha nyingi zilizozaliwa na Kilatini, irabu fupi i iligeuka kuwa e: Kiitaliano husema messa, na Kifaransa messe. Kihispania misa na Kireno missa zilibaki na i, na wanaisimu hulihesabu jambo hili kuwa athari ya Kilatini cha kanisani juu ya ndimi za watu. Kijerumani kina Messe, Kiingereza mass, Kipolandi msza, Kihungari mise, Kifini messu. Katika Kijerumani Messe ni pia maonyesho ya biashara, kwa kuwa masoko makubwa yalifanywa siku za sikukuu za kanisa.

Hata hivyo neno hili halikushinda kila mahali. Kiairishi husema aifreann na Kiwelisi offeren. Yote mawili yametokana na neno jingine la Kilatini, linalohusu kutoa sadaka. Waarabu Wakristo husema quddas. Kanisa moja, basi, halikulazimu neno moja.

Njia ya Afrika ya Mashariki

Je, misa ya Kiswahili ilitoka wapi? Ni rahisi kujibu 'Kireno', kwa kuwa Wareno walifika pwani mwaka 1498 na kutawala Mombasa hadi 1698. Lakini umbo la neno peke yake haliwezi kuthibitisha jibu hilo, maana missa ya Kireno na missa ya Kilatini zingetoa misa ileile. Linganisha na meza. Kilatini husema mensa, Kireno mesa, na s ya Kireno hapo hutamkwa z. Kukosekana kwa n na kuwepo kwa z ni ushahidi wa kutosha kwamba meza lilipita mikononi mwa Wareno. Misa halina alama kama hiyo.

Ushahidi mwingine hauna budi kutafutwa kwa jirani. Wamisionari Wakatoliki wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 hawakuwa Wareno. Mapadri wa Roho Mtakatifu waliofika Unguja mwaka 1863 na Bagamoyo mwaka 1868, na Mapadri Weupe waliofika Buganda mwaka 1879, wengi wao walisema messe. Wabenedikto wa Ujerumani, walioanza kazi mwaka 1888, walisema Messe. Wakonsolata, waliofika Ugikuyu mwaka 1902, walisema messa. Lau kila kundi lingaliwafundisha watu neno la lugha ya kwao, leo tungalikuwa na maumbo yenye e kila upande. Lakini Kiganda kina mmisa, Kinyarwanda misa, Kijaluo misa, na Kigikuyu mitha, kwa kuwa Kigikuyu hakina sauti ya s na huiweka th mahali pake, kama katika thaa na thukuru.

Irabu i katika lugha zote hizi, nyingi zikiwa mbali na pwani ya Wareno, yaelekeza kwenye Kilatini chenyewe, lugha ya altare iliyowaunganisha wamisionari ambao ndimi zao zilitofautiana. Huenda baadhi ya lugha za bara zililipokea kupitia Kiswahili. Jambo hilo halibadili hoja, bali lasogeza tu mahali pa kulipokelea. Katika Unguja, ambako Wagoa Wakatoliki walikuwapo, athari ya Kireno haiwezi kukanushwa kabisa. Hoja ni kwamba Kireno hakihitajiki ili kulieleza neno.

Neno la dini ambalo Wareno walituachia kwa hakika lina historia nyingine. Igreja, 'kanisa', lilitokana na ecclesia ya Kilatini, nayo ikatokana na Kigiriki. Katika Kiswahili likawa gereza. Ngome ya Yesu, yenye kanisa ndani yake, ilitumika kama jela tangu 1895 hadi 1958. Wakristo walipohitaji jina la nyumba yao ya ibada, walichukua kanisa kutoka Kiarabu. Kwa mtu anayetazama alama ya kamusi peke yake, gereza na meza ni mikopo ya aina moja. Kwa mtu anayetazama njia, gereza ni kumbukumbu ya jinsi wenyeji walivyoliona jengo la wageni.

Hitimisho

Kiswahili hakikulipokea misa kama mgeni wa kudumu. Kililiweka katika ngeli ya N-: misa takatifu, misa mbili, misa zote. Halikuvunjwa kuwa m- na mi-, ingawa msalaba, lililotoka Kiarabu, lilipewa wingi wa misalaba. Tena limekuwa mpaka kati ya waumini. Waprotestanti wengi hawalitumii. Husema Chakula cha Bwana au Meza ya Bwana. Walioliepuka neno la Kilatini wakaliweka mahali pake neno jingine la shina la Kilatini, na hakuna anayelisikia kuwa geni.

Hiyo ndiyo sababu ya kuitaka kamusi iseme zaidi ya alama. Anayelikataa misa kwa kuwa ni la kigeni hana budi kulikataa meza, na kanisa pia. Anayelitetea kwa fasiri ya uongo ya shina lake hulitetea kwa silaha dhaifu. Haki ya neno katika lugha haitoki kwenye kuzaliwa kwake. Hutoka kwa wale waliolipokea, wakalipa ngeli, na wakalitumia hadi likawa lao.