Amana ya Manusura: Kumbukumbu za Vita Mkoani Mara na Warithi Wake

Mwezi Machi 2025 serikali ya Japani ilihesabu manusura 99,130 wa mabomu ya atomiki yaliyoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 na Nagasaki siku tatu baadaye. Ilikuwa mara ya kwanza idadi yao kushuka chini ya 100,000, na wastani wa umri wao ulikwisha kupita miaka 86. Mji wa Hiroshima uliliona hilo mapema. Tangu 2012 umekuwa ukiwafunza watu wa kujitolea ili wazipokee kumbukumbu hizo: mpokezi hukaa na manusura, husikiliza, huuliza, huandika, na mswada wake hukaguliwa kabla hajasimama mbele ya hadhira. Hivyo msikilizaji hujua maneno yametoka kwa nani na yamepitia kwa nani. Kwa wasomaji wa visiwani, waliolelewa katika heshima ya sanadi, utaratibu huo si mgeni. Habari isiyo na mpokezi anayejulikana haina uzito.

Kipimo hicho kinastahili kuwekwa juu ya fasihi ya vita ya Kiswahili, na mkoa wa Mara ni mahali pema pa kuanzia. Wakurya wa Tarime walijulikana kwa kuandikishwa katika jeshi la Keya, na askari wa Keya walipigana na Wajapani huko Burma, wakapita bonde la Kabaw katika mvua za 1944. Vita vilivyokoma baada ya Hiroshima vilikuwa, basi, vita vyao pia. Kizazi kilichofuata kiliingia katika Jeshi la Wananchi, na mwaka 1978 kikavuka kwenda kupambana na majeshi ya Idi Amin, hadi Kampala ilipotekwa tarehe 11 Aprili 1979.

Vita vyote viwili vimetungiwa tenzi. Shaaban Robert aliacha Utenzi wa Vita vya Uhuru, 1939 hata 1945, uliochapishwa 1967, miaka mitano baada ya kufa kwake. Henry Muhanika alitoa Utenzi wa Vita vya Kagera na Anguko la Idi Amin Dada mwaka 1981. Majina yenyewe yanasema mengi. La kwanza linavipa vita lengo, yaani uhuru. La pili linavipa mwisho, yaani anguko la adui. Yote mawili yanavitazama vita kutoka pale vilipomalizikia. Hilo si kosa la watunzi. Utenzi wa vita, tangu enzi za pwani, una kazi yake: kuipanga ghasia ili ieleweke na kuutukuza upande ulioshinda. Shaaban hakuwa askari bali mtumishi wa serikali, naye hakudai kuwa shahidi wa medani. Lakini aliyelala handakini hakujua vita vingekwisha vipi, na kutojua huko ndiko kiini cha ushahidi wa manusura. Utanzu huu haukuundwa kukibeba.

Huko Tarime kuna litungu, zeze kubwa la nyuzi nane, ambalo mwimbaji wake huwasifu watu, koo na mifugo. Nalo hubeba ushujaa kwa wepesi kuliko hofu. Mtu aliyerudi kutoka vitani alikuta wimbo wa kumsifu umekwisha kuandaliwa, ila hakukuta wimbo wa kumsikiliza.

Pengo hilo lina gharama. Mwanaanthropolojia Michael Fleisher, katika kitabu chake cha mwaka 2000 juu ya wizi wa ng'ombe miongoni mwa Wakurya, ameonesha jinsi silaha zilizorudi nyumbani baada ya vita vya 1979 zilivyoubadilisha wizi huo ukawa wa kuua zaidi. Kwa maneno mengine, bunduki ilipata warithi upesi. Maarifa ya yule aliyeona bunduki inavyomfanya mtu hayakupata.

Wilaya ya jirani ya Serengeti inatoa funzo jingine. Mwaka 2003 Jan Bender Shetler alichapisha masimulizi ya kihistoria yaliyoandikwa na wazee wa Mara ya kusini wenyewe, nalo ni jambo la kushukuriwa. Hata hivyo, masimulizi hayo ni ya asili ya kabila na koo, na waandishi wake ni wanaume. Katika kitabu chake cha 2019 Shetler mwenyewe alirudi kuhoji upande huo, akaonesha kuwa wanawake wa Mara walihifadhi kumbukumbu za namna nyingine, zinazofuata ndoa, urafiki na misaada inayovuka mipaka ya kabila. Mwenye kutafuta ushahidi wa vita hana budi kwenda huko. Mke aliyengoja barua, na mama aliyempokea mwana asiyelala usiku, wanajua habari ambayo mwimbaji wa litungu hakuombwa kuiimba.

Itasemwa kwamba askari mwenye silaha hafanani na mtoto aliyeunguzwa akiwa njiani kwenda shule. Ni kweli, na hakuna anayepaswa kuwalinganisha kwa maumivu. Kinachoweza kufanana ni namna ya kupokea. Hiroshima ilianza kufunza wapokezi miaka 67 baada ya bomu, wengi wakiwa wamekwisha kufa. Vita vya Kagera vitatimiza miaka 50 tangu kumalizika kwake mwaka 2029. Kijana aliyekuwa na umri wa miaka 20 mwaka 1978 sasa anakaribia 70, na bado anaweza kuulizwa. Mwanafunzi mmoja wa Mugumu au Tarime akikabidhiwa mzee mmoja, au bibi mmoja, pamoja na daftari na muda wa kutosha, sanadi imeanza. Waliokwenda Burma hawawezi tena kungojwa, na waliokwenda Kampala hawatangoja sana.