Njia ya Baiskeli Hutafutwa Kuanzia Kwenye Vivuko

Anayetafuta njia tulivu ya baiskeli Dar es Salaam huanza kwa kuitafuta mitaa yenye magari machache, na hapo ndipo anapojichosha bure. Kati ya Barabara ya Morogoro na ile ya Bagamoyo mitaa ya namna hiyo imejaa: Sinza, Kijitonyama, Tandale, Mwananyamala. Kinachomrudisha kwenye malori na daladala ni kuvuka. Mto Ng'ombe na mifereji inayouingia huikata mitaa hiyo vipande vipande, Bonde la Msimbazi likaukata mji, na barabara kuu zenyewe hazivukiki ila mahali pachache. Kwa hiyo weka alama kwanza kwenye vidaraja na vivuko vinavyopitika, ndipo uviunganishe kwa mitaa iliyo katikati.

Kazi hiyo imerahisishwa na ramani iliyochorwa kwa ajili ya mafuriko. Kuanzia 2015, mradi wa Ramani Huria uliwashirikisha wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa kata kuingiza nyumba, vichochoro na mifereji ya Dar es Salaam kwenye ramani ya mtandaoni ya OpenStreetMap. Anayefuatilia maji hulazimika kuangalia mfereji unakatiza wapi na kama pana kidaraja, na hilo hasa ndilo mwendesha baiskeli anataka kulijua. Programu za kupanga njia, kama BRouter, husoma aina ya kila kipande cha barabara na kukipa gharama yake. Mita 100 za barabara kuu zikihesabiwa kama 300, basi hata mzunguko wa mita 250 mitaani utaonekana nafuu. Lakini kidaraja ambacho hakikuchorwa, kwa programu hakipo: mita tatu zikikosekana, msafiri anarudishwa barabara kuu.

Wapo wanaoziamini zaidi ramani za Strava, programu ya kurekodi mazoezi, zinazong'aa palipopita wengi. Ushahidi huo umeegemea upande mmoja, kwani hurekodi zaidi wanamichezo, na mwanamichezo hupenda lami ndefu iliyonyooka. Mchuuzi wa samaki anayetoka soko la Feri na tenga nyuma ya baiskeli hayumo, wala muuza mkaa. Hao ndio wa kuwatazama wanakatizia wapi.

Itasemwa kuwa vichochoroni kuna mchanga na watoto wanaocheza. Ni kweli, na penye watoto mtu ashuke asukume. Masika nayo hudai njia ya akiba, maana kidaraja cha mbao huweza kusombwa usiku mmoja. Pingamizi zito ni jingine: kwamba kukimbilia mitaani ni kuwaachia wenye magari barabara ambayo ni haki ya wote. Haki hiyo ipo, na njia za baiskeli zilizojengwa kando ya Barabara ya Morogoro pamoja na mradi wa mabasi ya mwendokasi zimeonyesha kuwa inawezekana kutekelezwa. Ila njia ya mitaani haifuti dai hilo, bali inalipatia anwani. Wakazi wenye ramani mkononi wanaweza kuonyesha mahali pamoja ambapo taa za kuvukia zingeunganisha mitaa ya pande mbili, na ombi la namna hiyo ni gumu kukataliwa kwa kisingizio cha bajeti.

Kama mtaani kwako kuna kidaraja kisichoonekana kwenye OpenStreetMap, kichore wewe. Kujisajili ni bure, na ramani hiyo huhaririwa na yeyote.